Kadi ya Grafiki ya Mtumba Hupimwa Ikiwa Mzigoni

Kompyuta nyingi zinazochezewa gemu Iringa na Mbeya zilianza kazi ofisini. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizotumika miaka kadhaa huko Ulaya, zikaletwa kwa makontena, zikapitia maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, kisha zikapandishwa mlima Kitonga ndani ya buti la basi. Kijana wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, anayehariri video za harusi mchana na kucheza GTA V usiku huinunua mashine ya namna hiyo, huiongezea RAM, huitoa diski ya zamani na kuiwekea SSD, halafu hubaki na pengo moja: kadi ya grafiki. Kadi mpya yenye maana mara nyingi huuzwa ghali kuliko kompyuta nzima aliyokwisha kuilipia. Kwa hiyo mtumba ndiyo njia, na kilichobaki ni kujua kuuchagua.

Muuzaji, au winga aliyekupeleka kwake, atakueleza mambo manne: jina la kadi, usafi wake, nchi ilikotoka na maisha iliyoishi. Hoja yangu ni kwamba yote manne ni maneno ya mtu mwenye haja na fedha yako, na yana uzito mdogo mbele ya kipimo kimoja: kadi ikiwa imewashwa, imebebeshwa mzigo mzito kwa muda wa kutosha, na joto lake likasomwa kwa kulinganishwa na joto la chumba. Macho yana kazi yake, lakini kazi hiyo ni kuamua kama kadi inastahili kupimwa. Kuamua kama inastahili kununuliwa ni jambo jingine, na macho hayaliwezi.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo linalopandisha bei. Upo udanganyifu wa wazi ambao umezunguka masokoni duniani kwa miaka mingi. Mtu huchukua kadi ya zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011, huandika upya BIOS yake, na tangu hapo Windows huitambulisha kama GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4. Windows haikosei, inasoma kilichoandikwa. Programu ya bure ya GPU-Z ilianza kuwaumbua wachakachuaji hawa katika toleo la 2.12 la Oktoba 2018: ikikuta chipu ya zamani imejificha nyuma ya jina jipya, huweka neno FAKE mbele ya jina hilo. Toleo la nyuma ya hapo linaweza kudanganyika, na ndiyo sababu mnunuzi makini huenda na GPU-Z mpya kwenye flashi yake mwenyewe badala ya kutegemea ile iliyomo kwenye mashine ya dukani. Atazame pia idadi ya viini vya kuchakata. GTX 1050 Ti halisi ina 768, ilhali GTX 550 Ti ina 192, na tofauti hiyo haizibwi na sanduku zuri. Tundu la VGA nalo lazima litiliwe shaka, kwani Nvidia iliondoa njia ya analogi katika chipu za familia ya GTX 10. Kadi inayojiita ya familia hiyo huku ikiwa na tundu la buluu la VGA inapaswa kujieleza. Na muuzaji akikukataza usiweke draiva mpya kutoka kwa Nvidia kwa kisingizio kwamba „hii ina draiva yake maalumu”, mazungumzo yameisha.

Udanganyifu huo, hata hivyo, haunisumbui sana, maana dakika mbili za GPU-Z humfichua mwizi. Kinachowaumiza watu wengi zaidi ni majina yaliyo halali kabisa. GTX 1060 ya gigabaiti 3 haikupungukiwa memori peke yake ikilinganishwa na ndugu yake wa gigabaiti 6. Ilipunguziwa viini pia, kutoka 1,280 hadi 1,152, na bado ikaachiwa jina lilelile. RX 580 iliyotoka Aprili 2017 ina viini 2,304, lakini ile iliyoingizwa China mwezi Oktoba 2018, inayoitwa 2048SP, ina 2,048, yaani kwa hesabu hiyo ni RX 570. GT 1030 ilitoka na memori ya GDDR5 yenye kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde, kisha mwaka 2018 likaja toleo la DDR4 lenye kasi isiyofika gigabaiti 17, jina halikubadilishwa hata herufi. Kadi hizi hazikutengenezwa na matapeli wa uchochoroni. Ni kampuni zenyewe zilizofanya hivyo hadharani, na muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya, anayekuuzia 2048SP kwa bei ya RX 580 kamili huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Jina la kadi, basi, ni mlango wa kuuliza maswali: viini vingapi, memori ya aina gani, upana wa njia ya memori ni biti ngapi. Majibu yote yako kwenye ukurasa wa kwanza wa GPU-Z.

Usafi ni ushahidi dhaifu kuliko hata jina. Katika viwanda vidogo vya Shenzhen kuna kazi maalumu ya kung'oa chipu na memori kutoka kadi zilizochoka na kuzichomelea kwenye ubao mpya, wenye feni mpya, plastiki inayong'aa na sanduku lenye jina la kampuni usiyopata kuisikia. Kadi ya namna hiyo haina vumbi wala mkwaruzo, huku moyo wake ukiwa na umri wa miaka minane au zaidi. Upande wa pili, kadi iliyokaa Makambako kwenye kibanda cha gemu na kufunikwa vumbi jekundu inaweza kuwa nzima kabisa, kwa kuwa vumbi husababisha joto na joto hupungua vumbi likipigwa brashi. Ningemuogopa zaidi anayeuza kadi iliyooshwa ikang'aa kuliko anayeileta na vumbi lake.

Hata hivyo yapo mambo machache ambayo jicho huyaona na yana maana. Kadi iliyoishi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar karibu na bahari hubeba chumvi: tazama bamba la chuma lenye matundu ya HDMI, tazama skrubu, tazama kingo za matundu yenyewe. Kutu ya juujuu kwenye bamba si ugonjwa. Rangi ya kijani au nyeupe kwenye miguu ya vipande vidogo vya ubao ni ugonjwa. Mafuta yanayong'aa pembeni mwa ubao huwatisha wanunuzi wengi bila sababu, kwani hutoka kwenye pedi za kupitisha joto zilizochoka na hayapitishi umeme. Cha kutisha kweli ni mabaki ya flaksi ya kahawia kuzunguka chipu kuu, au ubao uliobadilika rangi sehemu hiyo. Hiyo ni kadi iliyokufa, ikapigwa joto na fundi mwenye hoti ea, mashine ya hewa ya moto, ili ifufuke. Huwaka, hucheza gemu, na baada ya siku au wiki kadhaa hurudi kaburini, wakati huo fedha yako imekwishatumika. Skrubu zilizoliwa vichwa zinaonyesha tu kwamba kadi imewahi kufunguliwa. Huenda alifungua fundi mzuri kubadilisha pesti ya kupitisha joto.

Sasa mzigo. Injini ya lori la Fuso haijulikani Mikumi kwenye tambarare, hujulikana Kitonga. Na kadi ya grafiki haijulikani kwa kuonyesha picha ya mezani ya Windows, ambayo hata chipu iliyopasuka inaweza kuionyesha kutwa nzima. Kipimo ninachokipendekeza ni nusu saa ya programu ya Unigine Heaven, ambayo ni bure, haihitaji intaneti baada ya kuwekwa, na huitumia kadi kwa namna inayofanana na gemu. Pembeni iwe wazi programu ya HWiNFO au GPU-Z inayoonyesha namba nne kwa wakati mmoja: joto la chipu, kasi ya feni, kasi ya chipu kwa megahezi, na umeme unaoliwa kwa wati. Watu hutazama joto peke yake, na hapo ndipo hudanganyika. Kadi za leo hujilinda. Zikizidiwa, hupandisha feni. Feni ikifika mwisho, hupunguza kasi ya chipu. Na joto linabaki pale pale, zuri la kupigia picha. GTX 1660 Super imeahidiwa na Nvidia kasi ya msingi ya megahezi 1,530 na ya juu 1,785. Ikiwa baada ya dakika 20 za Heaven inasoma nyuzi 80 lakini imeshuka chini ya 1,530 huku feni ikinguruma kwa nguvu zote, nyuzi hizo 80 hazina maana yoyote. Kadi imechoka na inajificha.

Joto lenyewe husomwa kwa tofauti, na hapa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini ana hesabu yake ambayo miongozo ya Marekani na Ulaya haimpi. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya takriban mita 1,700. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ile ya Dar es Salaam ikiwa joto ni sawa, na feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba hewa pungufu kwa uzito. Kwa hiyo kadi hupanda zaidi juu ya joto la chumba ikiwa Iringa kuliko ikiwa pwani. Chukua mfano: kadi iliyopimwa Kariakoo kwenye chumba cha nyuzi 31 na kusoma 76 imepanda nyuzi 45. Ikiletwa Iringa, upandaji huo unaweza kufika 50 hivi. Kwenye chumba cha nyuzi 20 itasoma 70, na mwenyewe atafurahi akidhani baridi ya Iringa imeiponya. Haijaponywa, imepewa tu chumba cha baridi, na sehemu ya faida hiyo imeliwa na kimo. Hatari kubwa ni kinyume chake, kutoka baridi kwenda joto. Kadi inayopimwa usiku wa Julai, chumba kikiwa na nyuzi 14, itasoma 64 na kuonekana kama mali ya kipekee, ilhali kadi hiyohiyo mchana wa Novemba kwenye nyuzi 27 itakuwa 77, na hapo bado haijafungiwa ndani ya kasha dogo la OptiPlex lenye feni moja. Mnunuzi wa Njombe au Makete, ambako baridi ni kali zaidi, ana sababu kubwa zaidi ya kutoa joto la chumba kabla ya kusifu. Kipimajoto cha kawaida cha ukutani kinatosha kwa kazi hii.

Upandaji wa nyuzi 40 hadi 55 juu ya chumba, chipu ikidumu na kasi yake, ni wa kadi yenye afya kwa kadi nyingi za kiwango cha kati. Ukizidi hapo, swali ni kama tatizo linatibika. Kadi nyingi za miaka ya karibuni huonyesha pia joto la sehemu yenye moto zaidi ndani ya chipu, na tofauti kati yake na joto la kawaida la chipu husema mengi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni ya kawaida. Ikifika 30, pesti imekauka au kinyonya joto hakikukazwa sawasawa. Hilo halinikimbizi, ni sababu ya kupunguziwa bei, kwa kuwa pesti ni ya bei ndogo na fundi yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuipaka. Feni inayopiga kelele vilevile hubadilishwa. Pedi hubadilishwa. Kisichotibika kwa vifaa tulivyo navyo mikoani ni memori inayokosea na chipu iliyoanza kuachia kwenye ubao, na ustadi wote wa kununua uko katika kutenganisha makundi haya mawili. Anayekataa kadi kwa sababu ya pesti kavu anaacha mali nzuri. Anayekubali kadi yenye memori mbovu kwa sababu ina baridi nzuri ananunua chuma.

Memori hupimwa kwa njia yake. Heaven huigusa lakini haiimalizi, kwa hiyo dakika kumi za kipimo cha memori katika programu ya OCCT ni lazima, na kosa hata moja ni kosa. Hakuna kosa dogo hapo. Memori mbovu hujionyesha pia kwa vidoa vya rangi vilivyopangwa kama shanga, pembe tatu zinazoruka ovyo kwenye gemu, au mistari iliyosimama tangu kioo cha BIOS kabla hata Windows haijaamka. Muuzaji akisema ni draiva, jibu liko kwenye BIOS: pale draiva haijaanza kazi. Kisha kadi izimwe, iachwe ipoe kabisa hadi joto la chumba, iwashwe tena na kupimwa kwa dakika tano. Hatua hii ya mwisho huachwa na karibu kila mtu kwa sababu inachosha, nayo ndiyo inayozikamata kadi zilizofufuliwa kwa hoti ea. Solda iliyopasuka hushikana ikiwa na joto na kuachana ikipoa, hivyo kadi iliyofaulu ikiwa moto inaweza kushindwa kuwaka ikiwa baridi.

Wapo watakaosema kwamba kuitesa kadi ya zamani nusu saa ni kuiua, na kwamba muuzaji ana haki ya kukataa. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Programu ya FurMark, ambayo vijana wengi huipenda, hula umeme mwingi kuliko gemu yoyote, na kadi nyingi zikibebeshwa mzigo huo hujishusha kasi kwa sababu ya kikomo cha umeme hata zikiwa nzima. Kwa hiyo FurMark ni kipimo kibaya cha kasi na ni mateso yasiyo na faida. Heaven ni jambo jingine. Mzigo wake ni ule ambao kadi iliuzwa ili iubebe. Kadi itakayokufa kwa nusu saa ya Heaven dukani ingekufa jioni ya kwanza Kalenga, tofauti ikiwa ni nani anayebeba hasara.

Pingamizi jingine, zito zaidi, ni kwamba historia ina maana: kadi iliyochimba sarafu za kidijitali isinunuliwe hata ikifaulu vipimo vyote. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, na mwaka mmoja kabla ya hapo China ilikuwa imepiga marufuku uchimbaji. Kadi nyingi mno zikamwagwa sokoni, na sehemu yake imefika Afrika Mashariki, kwa hiyo suala hili si la kinadharia. Lakini tazama namna mchimbaji alivyofanya kazi. Umeme ulikuwa gharama yake kuu, hivyo aliipunguzia chipu kasi na volti, akaisukuma memori, na kuiacha kadi ifanye kazi saa 24 kwa joto lisilobadilikabadilika. Solda huchoshwa zaidi na kupanda na kushuka kwa joto, kila kadi inapowashwa na kuzimwa, kuliko na joto la wastani lililotulia. Ikitazamwa hivyo, chipu ya mchimbaji nadhifu inaweza kuwa imepumzika kuliko ile ya kibanda cha gemu inayowashwa na kuzimwa kutwa, na umeme ukikatika katikati. Kilichochakaa ni feni, pedi na memori, vitu vilevile ambavyo vipimo vya juu vinavitafuta. Kwa RX 470, 570 na 580 ongeza jambo moja: wachimbaji wengi waliandika upya BIOS ili kubana muda wa memori, na kadi hiyo huanguka kwenye gemu ingawa ilichimba bila tatizo. Dawa yake ni kurudisha BIOS ya kiwandani, kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Ukweli ni kwamba hakuna muuzaji atakayekiri kadi yake imechimba, na kigezo kinachotegemea kukiri kwa muuzaji hakina msaada kwa mnunuzi. Wanaokataa „kadi za machimbo” huishia kumwamini aliyesema uongo vizuri. Ila P106-100, ndugu wa GTX 1060 aliyetengenezwa mahsusi kwa kuchimba na bila tundu lolote la kioo, mwachie fundi anayependa mafumbo.

Yote haya hayana faida ikiwa mwili utakaoipokea kadi hauiwezi. OptiPlex 7010 ya umbo dogo ina pawa saplai ya wati 240, ile ndefu 275. OptiPlex 9020 ndefu ina 290. Sloti ya PCIe hutoa hadi wati 75. Ndani ya kikomo hicho wamo watumishi waaminifu: GTX 750 Ti yenye wati 60, GTX 1050 Ti na GTX 1650 zenye 75, ambazo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. RX 580 hutaka wati 185, na hapo ndipo huuzwa kile kiunganishi kidogo kinachogeuza waya wa SATA kuwa wa pini sita. Tundu la SATA limekusudiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini sita huruhusiwa kudai 75. Plastiki huyeyuka, na bahati ikiwa mbaya, madhara hayaishii kwenye plastiki. Anayetaka kadi kubwa abadilishe pawa saplai kwanza, tena asome lebo upande wa volti 12 badala ya namba kubwa iliyoandikwa ubavuni: ampea 18 mara volti 12 ni wati 216, hata kama boksi limeandikwa 500. Akumbuke vilevile kwamba Dell na HP nyingi za kiofisi zina plagi ya mazabodi ya kwao peke yao, hivyo pawa saplai ya kawaida haitaingia bila kiunganishi maalumu.

Mtego wa kisasa uko kwenye kadi ndogo mpya. RX 6400 ya mwaka 2022 inaonekana kama imetengenezewa OptiPlex: fupi, wati 53, haitaki waya. Lakini inatumia njia nne tu za PCIe badala ya 16, na kwenye mazabodi ya PCIe ya kizazi cha nne haidhuriki sana. OptiPlex 3020 ni ya chipu ya H81, ambayo sloti yake ya grafiki ni ya kizazi cha pili. Njia nne hapo ni gigabaiti 2 tu kwa sekunde. Kadi iliyopimwa dukani kwenye mashine mpya ikafaulu itakwamakwama nyumbani, na hakuna atakayekuwa amemdanganya mwenzake. Ndiyo maana mahali bora pa kupimia ni ndani ya mashine yako mwenyewe. Kubeba OptiPlex kwenye bodaboda kutoka Kalenga hadi mjini, kilomita kama 15, ni usumbufu unaolipa.

Umri wa kadi nauweka nyuma, isipokuwa kwa kitu kimoja: draiva. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia za GTX 900 na GTX 10 zinapata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba mwaka huo, na baada yake marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa anayecheza gemu za zamani hilo halina uzito. Kwa anayefuata gemu mpya, GTX 1650 au 1660 Super ni bora kuliko GTX 1060 hata kama kasi zinakaribiana, na tofauti ndogo ya bei inafaa kulipwa.

Linabaki pingamizi la umbali. Bidhaa nyingi ziko Dar es Salaam, kilomita kama 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya, na mtu hawezi kufunga safari kila anapoona tangazo. Hapo omba video moja isiyokatwa: ianze kwenye namba ya mfululizo iliyobandikwa kwenye kadi, ionyeshe ikiingizwa kwenye sloti, GPU-Z ikifunguliwa, Heaven ikianza na saa ya simu au ya ukutani ikionekana pembeni, kisha imalizikie kwenye zile namba nne baada ya dakika 30 pamoja na kipimajoto cha chumba. Muuzaji mwenye kadi nzima hupoteza nusu saa tu. Asiyetaka huenda ana sababu nzuri, labda hana mashine ya kupimia, na si lazima awe tapeli. Lakini kadi yake basi ilipiwe bei ya feni, kinyonya joto na ubao, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu pekee alivyothibitisha kuwa navyo. Mkikubaliana, kadi isitumwe ikiwa imefungwa ndani ya kompyuta, kwani kinyonya joto kizito kinachoning'inia kwenye sloti kitaitikisa sloti njia nzima hadi Ruaha Mbuyuni na kuendelea. Iwekwe peke yake ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli na sponji pande zote, fedha iliyobaki ilipwe baada ya namba ya mfululizo kulinganishwa na ile ya video, na Heaven iwashwe tena jioni hiyohiyo, kipimajoto kikiwa mezani.